Rimoti isiwe ya mtu mmoja

Ndugu wasikilizaji, hebu leo jioni hesabuni rimoti zilizoko sebuleni kwenu. Ya televisheni ni moja, ya king'amuzi ni ya pili. Kama kuna deki ya DVD na redio yenye spika kubwa, tayari mna nne. Hapa Dar es Salaam hesabu hii ilipanda katika nyumba nyingi baada ya tarehe 31 Desemba 2012, mitambo ya analojia ilipozimwa na wenye televisheni za zamani wakalazimika kununua ving'amuzi.

Chombo hiki kina historia yake. Mwaka 1955 Eugene Polley, fundi wa kampuni ya Zenith ya Marekani, alitengeneza rimoti isiyo na waya iliyomulika televisheni mithili ya tochi. Ubaya wake, jua likipiga kioo, televisheni nayo ilidhani imeamriwa. Mwaka uliofuata Robert Adler akaleta ya sauti nyembamba isiyosikika na sikio la binadamu. Baadaye ikaja ya mwanga usioonekana kwa macho, ambayo ndiyo iliyoenea. Lakini kila kiwanda kilijitungia lugha yake, ndiyo maana rimoti ya huyu haisikilizwi na chombo cha yule.

Mwaka 1987 Steve Wozniak, mmoja wa waanzilishi wa Apple, aliuza rimoti iliyoitwa CORE iliyoweza kujifunza lugha za rimoti nyingine na kutoa amri kadhaa kwa mfuatano. Haikupata soko kubwa, lakini wazo lake lilibaki. Mfuatano huo mafundi huuita makro: unabonyeza kitufe kimoja, rimoti inawasha televisheni, inawasha king'amuzi, inawasha spika, kisha inachagua njia ya kuingizia picha. Raha iliyoje!

Hata hivyo, raha hiyo ina mtego. Rimoti ya mwanga husema, lakini haisikii. Hutoa amri bila kujua kama imetekelezwa. Tena, kitufe cha kuwashia katika vyombo vingi ndicho hicho hicho cha kuzimia. Basi tuseme umeme umekatika saa moja usiku na kurudi saa mbili kasorobo. King'amuzi kinaamka chenyewe, televisheni inabaki imelala. Unabonyeza kile kitufe chako kimoja: televisheni inawaka, king'amuzi kinazimika! Unabonyeza tena: mambo yanageuka kinyume. Mtabadilishana zamu hiyo mpaka taarifa ya habari iishe.

Dawa ipo. Kwanza, vyombo vingi huelewa amri mbili tofauti, moja ya kuwasha tu na nyingine ya kuzima tu, hata kama rimoti yake ya asili haina vitufe hivyo. Anayepanga makro atumie hizo kila zinapopatikana. Chombo kilichokwisha kuwaka kikiambiwa waka, kitabaki kinawaka. Pili, aweke subira kati ya amri na amri. Televisheni ikichukua sekunde kadhaa kuamka, amri ya kuchagua picha ikitumwa mapema itapotea hewani. Haraka haraka haina baraka, hata kwa mashine. Tatu, mtu asisimame mbele ya vyombo mpaka amri ya mwisho itoke, maana mwanga huo haupiti mwilini.

Walikuwapo waliojaribu njia nyingine. Rimoti za Harmony, zilizokuwa zikitengenezwa na Logitech, zilikumbuka kilichowashwa, na zilikuwa na kitufe cha msaada kilichouliza: je, televisheni imewaka? Kampuni hiyo ilitangaza mwaka 2021 kwamba inaacha kuzitengeneza. Siku hizi televisheni nyingi huzungumza na vyombo vyake kupitia waya wa HDMI wenyewe, ingawa vya zamani bado havimo katika mazungumzo hayo.

Lakini ndugu zangu, hoja yangu ya leo si waya wala mwanga. Ni watu. Katika nyumba nyingi anayepanga rimoti ni mmoja, kijana wa kiume au baba mwenyewe. Akisafiri, wengine wote wanakuwa wageni sebuleni kwao. Bibi aliyezoea taarifa ya saa mbili anakaa mbele ya kioo cheusi, anaona haya kuuliza, mwishowe anakwenda kulala. Mzee aliyejua kuzungusha kitasa cha redio ya mbao sasa anahitaji mjukuu ili asikie habari za nchi yake. Huko si kurahisisha. Huko ni kumnyang'anya mtu kitu alichokuwa akikiweza.

Kwa hiyo, anayepanga rimoti asihesabu kazi kuwa imekwisha mpaka mkubwa kuliko wote nyumbani ameiwasha na kuizima mwenyewe, bila kusaidiwa. Aandike kwenye karatasi hatua za kufuata umeme ukirudi, kwa herufi kubwa, aibandike ukutani. Rimoti za asili zisitupwe. Zikae droo moja, na betri zake. Wahenga walisema akiba haiozi.

Kitufe kimoja ni kizuri, mradi kila mkono nyumbani unaweza kukibonyeza. Kwa leo ni hayo tu. Hadi wiki ijayo, kwaherini.