Mahindi Yanapoota Milia: Mdudu wa Majani na Ujirani Mwema

(Muziki wa kufungulia, kisha unashuka chini)

Tunawasalimu ninyi mlio makambini na katika makazi ya wakimbizi, nanyi wenyeji mliowapokea na kugawana nao maji, kuni na ardhi. Karibuni katika mazungumzo yetu ya leo kuhusu shamba na chakula.

Katika makazi kama Nakivale na Kyangwali, nchini Uganda, familia nyingi za wakimbizi hulima kipande kidogo cha ardhi. Mahali pengine ni bustani tu nyuma ya nyumba. Mgao wa chakula unapopungua, mahindi ya kipande hicho ndiyo ugali wa watoto. Ndiyo maana mahindi yanapoanza kuota milia myeupe na ya manjano, yakadumaa na kukosa magunzi, maneno huanza. Mwenyeji husema, "Ugonjwa huu umeletwa na wageni pamoja na mbegu zao." Mkimbizi naye husema, "Tulipewa ardhi iliyoharibika." Wengine hutaja uchawi. Leo tumtafute mwenye kosa hasa.

Ugonjwa huu unaitwa ugonjwa wa milia ya mahindi. Husababishwa na kirusi, na uliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1901 huko Natal, Afrika Kusini. Unapatikana Afrika kusini mwa Sahara na katika visiwa vya Bahari ya Hindi. Kwa hiyo ulikuwapo kabla ya kambi zetu zote. Tena, kirusi hiki hakipiti kwenye mbegu, wala hakiambukizi kwa kugusana au kwa jembe. Hubebwa na mdudu.

Mdudu mwenyewe ni mdogo, urefu wake kama milimita 3, rangi ya manjano iliyopauka. Hukaa juu ya jani na kufyonza maji yake. Ukipita shambani anaruka upesi, ndiyo maana wengi hawajawahi kumwangalia vizuri. Wataalamu humweka katika familia ya Cicadellidae, familia kubwa ya wadudu warukao juu ya majani, katika kundi moja na vidukari na kunguni. Jenasi yake ni Cicadulina. Ina aina ishirini hivi, nyingi zikiwa Afrika, na aina nane au zaidi zinajulikana kubeba kirusi cha milia. Maarufu kuliko zote ni Cicadulina mbila, inayopatikana kutoka Afrika Kusini hadi Sudan. Aina hizi hufanana mno. Mtaalamu huzitofautisha kwa darubini, kwa kutazama viungo vya uzazi vya dume.

Je, anakula nini? Hapa ndipo penye siri yake. Baadhi ya jamaa zake hawahami mmea wao. Huko Ulaya, kwa mfano, wako wanaoishi juu ya mierebi tu. Huyu wetu siyo hivyo. Nyumbani kwake ni kwenye nyasi. Hutaga mayai ndani ya jani la nyasi, na watoto wake hukulia hapohapo. Hukaa pia kwenye ulezi, ngano na mahindi. Kirusi nacho huishi katika aina zaidi ya 80 za nyasi na nafaka. Kwa hiyo baada ya mavuno mdudu na kirusi havifi. Hungoja kwenye majani ya kando ya njia, kwenye mitaro, na kwenye mahindi yaliyojiotea. Nyasi zikikauka, mdudu huruka mbali kutafuta kijani. Haulizi shamba ni la mwenyeji au la mkimbizi, wala hasimami mpakani kuonyesha karatasi.

Mengi ya haya tunayajua kwa kazi iliyofanyika karibu nasi. Katika kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara, Tanzania, alifanya kazi mtaalamu aitwaye H. H. Storey. Mwaka 1932 alionyesha kwamba si kila Cicadulina mbila anaweza kuambukiza, na kwamba uwezo huo hurithiwa kutoka kwa wazazi. Kisha aliwatoboa utumbo, kwa sindano nyembamba sana, wale wasioweza, nao wakaweza. Ikaonekana kwamba ukuta wa utumbo ndio uliokuwa ukizuia kirusi. Aina nyingine ya mdudu huyu iliitwa Cicadulina storeyi kwa heshima yake.

Mdudu mwenye uwezo huo akishafyonza mmea mgonjwa, hupita kama nusu siku hadi siku moja hivi, naye huanza kuambukiza, na huendelea hivyo maisha yake yote. Ila hawapi watoto wake kirusi kupitia mayai.

Sasa tufanye nini?

Kwanza, soma mmea wako. Milia hutokea kwenye majani yaliyoota baada ya mdudu kuuma. Majani ya chini yakiwa safi na ya juu yana milia, mmea uliumwa ukiwa umeshakua, na huenda ukapata gunzi. Milia ikianzia majani ya chini kabisa, uliumwa ukiwa mchanga. Huo usitarajie mavuno. Ung'oe mapema, umpe mbuzi. Kirusi hiki hakidhuru mnyama wala mtu.

Pili, pandeni pamoja, mvua zinapoanza. Anayechelewa huwapokea wadudu waliokwisha kuzaana katika mashamba ya mwanzo, tena mahindi yake yakiwa bado machanga.

Tatu, safisheni nyasi na mahindi yaliyojiotea kabla ya kupanda. Usipande mahindi mapya ubavuni mwa mahindi ya zamani yenye milia. Penye nafasi, acheni mita kama 10 za ardhi tupu katikati.

Nne, tafuteni mbegu inayostahimili. Tangu miaka ya 1970, kituo cha IITA cha Ibadan, Nigeria, kilifuga wadudu hawa kwa wingi ili kuyajaribu mahindi, na mbegu stahimilivu zikapatikana. Tanzania ina TMV-1 na Staha. Mwulize bwana shamba ipi inafaa kwenu. Punje za mgao ni chakula. Ukizipanda, hujui kama zinastahimili.

Tano, usipoteze fedha kununua dawa ya kupulizia baada ya milia kuonekana. Hakuna dawa ya kuuponya mmea ulioambukizwa.

Wasikilizaji, mnaona kwamba hakuna anayeweza kujikinga peke yake. Ukisafisha shamba lako na jirani akaacha majani, mdudu atarudi kwako. Basi kabla ya mvua zijazo, kaeni pamoja, viongozi wa makazi na wa kijiji, mkubaliane siku ya kusafisha na wiki ya kupanda. Kupatana huko hakuhitaji fedha, na kunaweza kuokoa ugali wa pande zote mbili.

Tunawatakia msimu mwema. Kwaherini.

(Muziki wa kufungia)