Mjane Asiye na Karatasi



Palma iliposhambuliwa tarehe 24 Machi 2021, maelfu tulikimbilia Quitunda, hapa Afungi. Wengi wetu ni Waislamu. Tangu kabla ya hapo Askofu Luiz Fernando Lisboa wa Pemba aliusema msiba wetu mbele ya dunia, na mwaka 2020 Papa Fransisko alitoa yuro 100,000 kwa waliohama makwao. Caritas ya jimbo haikuuliza mtu anasali wapi. Mimi Mwislamu nashukuru.

Lakini, ndugu wahisani, chakula hutolewa kwa kitambulisho. Changu kiliungua pamoja na nyumba, na mjane jirani yangu hakuwahi kuwa nacho. Naomba majirani wawili wakimshuhudia, aandikwe.