Mafuta ya Usukani Yanakwenda Wapi?

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Katika daftari la gari la chama aghalabu huonekana mstari mmoja usiotiliwa maanani: mafuta ya usukani, chupa moja. Baada ya wiki mstari huo hurudi, na mwezi ukiisha zimekwisha nunuliwa chupa nne. Hapo minong'ono huanza. Wengine husema dereva anauza mafuta. Wengine husema gari ni kuukuu, ndiyo tabia yake. Kauli zote mbili hutolewa kabla ya mtu yeyote kuinama chini ya gari.

Yafaa kwanza ieleweke jinsi chombo hiki kinavyofanya kazi. Usukani wa nguvu ulianza kuuzwa katika magari ya abiria mwaka 1951, kampuni ya Chrysler ya Marekani ilipoutia katika gari lake la Imperial. Magari mengi mapya siku hizi husaidiwa na umeme, lakini ya zamani hutegemea mafuta. Pampu inayozungushwa na mkanda wa injini huvuta mafuta kutoka katika kikopo chake na kuyasukuma kwa nguvu, kupitia mpira maalumu, hadi kwenye boksi la usukani. Kisha mafuta hurudi kikoponi kwa mpira wa pili usio na mkazo mkubwa. Huo ni mzunguko uliofungwa. Injini yaweza kuunguza oili yake kidogo kidogo. Usukani hauunguzi kitu. Kwa hiyo, ikiwa chupa zinaongezwa kweli na kipimo kinazidi kushuka, pana mahali panapovuja. Katibu asomaye daftari lake vizuri aweza kulishuku jambo hilo kabla ya fundi.

Hatua ya kwanza ni kuyatambua mafuta yenyewe. Katoni safi itandikwe chini ya gari usiku kucha. Oili ya injini iliyotumika huwa nyeusi. Mafuta ya usukani mara nyingi ni mekundu au ya manjano, lakini yakizeeka hugeuka kahawia, na gia za otomatiki nazo hutumia mafuta mekundu. Basi rangi peke yake haitoshi: kipimo cha kikopo kitazamwe jioni na asubuhi.

Hatua ya pili ni kusafisha. Injini ikiwa imepoa, pampu, mipira na boksi vioshwe kwa sabuni na kukaushwa kwa matambara. Fundi anayetafuta uvujaji juu ya uchafu wa miaka kumi hubahatisha tu, na kubahatisha kwake hulipwa na wanachama.

Hatua ya tatu huhitaji watu wawili. Breki ya mkono ifungwe na magurudumu yatiliwe magogo. Mmoja awashe injini na kuzungusha usukani taratibu kulia na kushoto. Asiukaze mwishoni kwa zaidi ya sekunde chache, maana hapo ndipo mkazo unapokuwa mkubwa kupita kiasi. Mwingine atazame kwa tochi, mikono na nguo zake zikiwa mbali na mkanda na feni. Kamwe asipapase mpira kwa mkono. Mkazo wa mafuta hayo waweza kuzidi mara thelathini upepo wa tairi la gari dogo, na mchirizi mwembamba waweza kupenya ngozi. Kipande cha katoni kitumike badala ya kidole.

Mafuta hutiririka chini, na upepo huyasukuma nyuma. Tone lidondokapo sipo lilipoanzia. Kwa hiyo hutafutwa mahali pa juu kabisa palipolowa. Patazamwe maungio ya mipira, sili ya mhimili wa pampu nyuma ya puli, kikopo chenyewe, na sili za boksi. Kwa magari yenye usukani wa reki, mipira ya mikunjo iliyoko ncha mbili ibonyezwe: ikijaa mafuta, sili za ndani zimekwisha.

Matengenezo hutegemea mahali. Mpira wa kurudisha mafuta huenda ukahitaji klampu mpya tu. Mpira wa mkazo usifungwe kwa raba wala waya, ubadilishwe. Mafuta ya breki yasitiwe kwenye usukani hata kwa dharura, kwani huharibu sili. Yatumike yale yaliyoandikwa katika kitabu cha gari.

Kuahirisha kazi hii ni hatari. Pampu ikikauka hulia, kisha hufa. Usukani huwa mzito ghafla, pengine gari likiwa kwenye mteremko na magunia ya wakulima mgongoni. Mafuta yakidondokea ekzosi yenye moto yaweza kuwaka.

Bandu bandu huisha gogo. Inafaa kila katibu aandike tarehe, kiasi kilichoongezwa na kilometa za gari, na chupa ya pili katika mwezi mmoja iwe amri ya kulipeleka gari kwa fundi. Kwa njia hiyo mali ya chama itahifadhiwa, na dereva mwaminifu hatahukumiwa kwa kosa la sili iliyochakaa.