Barua ya Marehemu: Fani na Maradhi katika Tamthiliya ya Orodha

Tamthiliya inayoyachukua maradhi kuwa kiini chake hukabiliwa kwanza na tatizo la kisanaa: ugonjwa haupandi jukwaani. Virusi havisemi, havina vazi wala mwendo, na mgonjwa aliyelala kitandani hana matendo ya kutosha kuubeba mchezo. Katika tamthiliya zinazosomwa shuleni Tanzania, tatizo hili limetatuliwa kwa njia tofauti. Kilio Chetu, ya Medical Aid Foundation, iliyotoka katika miaka ya 1990, iliazima mtambaji kutoka sanaa ya ngano, na UKIMWI ukapewa umbo la dubwana. Orodha ya Steve Reynolds, iliyotoka mwaka 2006, ilifuata njia nyingine. Humo ugonjwa umefichwa ndani ya barua.

Msuko wa Orodha unaanzia mwishoni. Furaha amekwisha kufa (jina lake ni kinaya, ingawa cha rahisi), na ameacha barua inayosemekana kuwa na orodha. Kisha mbinu rejeshi inairudisha hadhira katika maisha yake. Kwa kuwa kifo kinajulikana tangu awali, taharuki haiwezi kukaa katika swali la iwapo msichana atapona. Imehamia kwenye karatasi. Bwana Ecko, Salim, hata Padri James, wanaihofia karatasi hiyo, kila mmoja akidhani jina lake limo. Inaposomwa, orodha si ya majina. Ni ya mambo ambayo yangeyaokoa maisha ya aliyeiandika.

Miongozo ya mitihani huliita jambo hili kinaya, kisha hupita. Lakini kinaya hicho hakiwaangukii wahusika peke yao. Hadhira nayo imekaa ikiyasubiri majina. Imekwisha kuwahukumu wanaume wale na, pamoja nao, marehemu. Barua inaponyima majina, inamfichua msikilizaji. Hapa ndipo mwandishi alipofaulu zaidi.

Nguvu ya mbinu hii huonekana vizuri inapofikiriwa mahali kama Mitundu, kusini ya Itigi mkoani Singida, kwenye njia iendayo Rungwa. Mwanafunzi wa huko hahitaji kufafanuliwa mandhari ya tamthiliya. Katika kijiji watu hufahamiana, na msiba huwakusanya waliompenda marehemu na waliomsengenya, wakaketi pamoja. Lugha ya mkusanyiko huo ni tasfida: marehemu "aliugua kwa muda mrefu". Nje ya msiba Kiswahili cha mitaani kilikuwa na maneno makali zaidi, ngoma, umeme, miwaya, nayo pia yalikuwa njia ya kutolitaja jina la ugonjwa. Barua ya Furaha inavunja tasfida hiyo mbele ya watu ambao hawawezi kuinuka na kuondoka bila kujishuhudia wenyewe.

Kasoro ipo. Orodha yenyewe imejaa nomino dhahania, na zinaposomwa mfululizo mchezo unakaribia kuwa hotuba. Wakati pia umeigusa kazi hii. Tanzania ilianza kutoa bila malipo dawa za kufubaza virusi mwaka 2004, na msomaji wa leo anajua kwamba mwenye virusi anayetumia dawa ipasavyo anaweza kuishi miaka mingi. Kifo cha Furaha hakina tena ule ulazima wa zamani. Hata hivyo dawa humfikia anayethubutu kupima, na hofu ya kupima ni hofu ileile ya wanaume walioiogopa karatasi.

Swali la mtihani humtaka mtahiniwa ataje dhamira na athibitishe kwa mifano, naye huikariri orodha ya Furaha kama alivyokariri aina za maneno. Tamthiliya hii ikisomwa kimya hupoteza nusu ya uhai wake. Darasani inatosha mwanafunzi mmoja asimame na karatasi mkononi, wengine wakae chini kama waombolezaji, na kabla ya kuifungua anyamaze kidogo.