Mashimo Tisa na Rafiki Yangu

Hotuba ya mwalimu mstaafu kwa wazee wa mtaa wa Section 58, Nakuru



Nimeombwa nizungumzie afya ya uzeeni. Mimi si daktari, nilikuwa mwalimu. Kwa hivyo nitawasimulia kisa cha Jumatano moja tu.

Kila Jumatano mimi na rafiki yangu hucheza gofu katika kiwanja cha Klabu ya Gofu ya Nakuru, kule kwenye mteremko wa Menengai. Tumo katika kundi la wazee, lakini siku hiyo hapakuwa na mashindano wala kombe. Ilikuwa mashimo tisa tu, kisha chai. Mwenzangu alistaafu kutoka shirika la reli, nami humwita Bwana Reli. Gofu aliijua tangu ujana, akiwa kedi anayewabebea wachezaji mabegi. Mimi nilianza baada ya kustaafu, na mkinitazama nikicheza mtajua.

Watu huuliza tunawezaje kushindana, ilhali yeye ni stadi nami ni wa kubahatisha. Gofu ina kitu kiitwacho handikapu. Kila mchezaji hupewa idadi ya mikwaju kulingana na uwezo wake, na idadi hiyo huondolewa kwenye jumla yake. Yeye ana 14, mimi nina 26. Katika mashimo tisa basi ananipa mikwaju sita. Akimaliza kwa 48 nami kwa 54, tumetoka sare, na chai kila mtu anajilipia.

Siku hiyo, kwenye shimo la tatu, alisimama mara mbili. Nilidhani anatazama mandhari. Shimo la nne akasimama tena, akaiegemea fimbo yake.

"Bwana Reli, leo umechoka mapema."

"Ni huu mlima tu, Mwalimu."

Mlima huo tumeupanda miaka mingi. Sikumbishia. Tukaenda polepole, na baada ya hatua kama hamsini akasema, bila kunitazama, kwamba dawa zake za presha zilimwishia mwezi uliopita na hakwenda kuchukua nyingine. Zamani mkewe ndiye aliyemkumbusha. Tangu tumzike mama yule, hakuna wa kumkumbusha. "Lakini sisikii maumivu," akasema.

Wazee wenzangu, hapo ndipo penye hatari. Presha haisubiri uumwe. Mtu anaweza kuwa nayo miaka na asihisi lolote, mpaka siku ya kupooza au moyo kushindwa. Kipimo cha 140 kwa 90 au zaidi, kikirudiwa siku nyingine na kutoka vilevile, kinahitaji daktari.

Tuliacha mchezo palepale, tukaenda hospitalini. Presha yake ilikuwa juu sana. Alirudishiwa dawa, na akapimwa moyo pia kwa sababu ya kule kuishiwa pumzi. Nilicheza peke yangu Jumatano tatu. Ya nne akarudi, akanishinda kwa mikwaju miwili.

Nimejiuliza kwa nini aliniambia mimi. Ana watoto wema wanaompigia simu kila Jumapili. Wanauliza, "Baba, uko sawa?" Naye hujibu, "Niko sawa." Simu hukatwa. Lakini mkitembea bega kwa bega saa mbili, bila haraka, neno lililokwama hutoka lenyewe. Isitoshe, ni yule aliyeuona mwendo wako juma lililopita ndiye atakayejua kwamba leo umebadilika.

Najua wengi wetu hapa hawachezi gofu, na gharama yake si ndogo. Si lazima. Shirika la Afya Duniani linashauri wazee wapate angalau dakika 150 za mwendo wa kutosha kwa juma, pamoja na mazoezi ya kujisawazisha ili tusianguke. Hizo unaweza kuzipata ukitembea hadi Hyrax Hill, hapa jirani. Pale kuna mashimo ya bao yaliyochongwa kwenye miamba na watu wa kale. Nao walihitaji mwenzao wa kucheza naye.

Ombi langu ni hili. Kila mmoja achague mwenzake kabla ya kuondoka hapa, na siku moja ya juma isiyobadilika. Mkikutana, ulizaneni: dawa zipo? Jana ulikula na nani? Mwenzako asipokuja, usingoje juma la pili, mwendee nyumbani. Asiyeweza kufika kliniki amwone mhudumu wa afya ya jamii. Tangu mwaka 2023 wahudumu hao wamekuwa wakipewa vifaa vya kupima presha na sukari nyumba kwa nyumba.

Nanyi vijana, Kifungu cha 57 cha Katiba kinatupa sisi wazee haki ya kushiriki kikamilifu katika jamii, na kutunzwa na familia na Serikali. Pesa mnazotuma tunazishukuru. Lakini mkija nyumbani, mtembee nasi kidogo.

Jumatano ijayo tunacheza tena. Nimemwomba aniongezee mkwaju mmoja, amekataa.