Akitoka Jela, Dawa Zisikatike
Mama msikilizaji, tuseme mwanao ametoka Kamiti au Shimo la Tewa, na amekwambia huko alikuwa akimeza ARV. Furaha ya kumpokea isikusahaulishe dawa. Muulize faraghani, bila kumkaripia: zimebaki tembe ngapi? Huenda ni za siku chache tu. Kama alipewa barua ya kliniki, aende nayo. Hata bila barua, msindikize kituo cha afya kabla hazijaisha. Tangu 2006 hospitali za serikali hutoa ARV bure. Akikatiza, virusi huongezeka tena, na huweza kuwa sugu kwa dawa. Akikohoa, apimwe kifua kikuu, maana jela hujaa watu. Na majirani wakiuliza? Hiyo ni siri yake, mama.