Moyo Ulioelemewa
(Mazungumzo kwa Makatibu na Wanachama wa Vyama vya Msingi, Iringo, Musoma)



Mkulima wa pamba akivimba miguu na kukatika pumzi kwa kupanda kilima kidogo tu, husema ni uzee, au ni kazi, au ni jirani mwenye kijicho. Mara nyingi ni moyo. Kazi ya moyo ni kusukuma damu. Ukielemewa, maji hujikusanya miguuni, tumboni na mapafuni, hata mgonjwa akalala ameegemea mito mitatu. Waganga huiita hali hiyo moyo kushindwa kazi.

Moyo hufikia hapo kwa njia mbili. Ya kwanza hupitia shtuko la moyo: mshipa unaolisha nyama ya moyo huziba ghafla, sehemu ya nyama hufa, na mahali pake hubaki kovu lisiloweza kusukuma. Aliyenusurika bado yumo hatarini, hasa ikiwa kovu ni kubwa, alichelewa hospitali, ana kisukari, anavuta sigara, au ameacha dawa kwa kuwa maumivu yamekwisha.

Njia ya pili haina kishindo, nayo ndiyo iliyo kubwa nchini. Utafiti wa Muhimbili uliotangazwa mwaka 2014 uliwachunguza wagonjwa 427 wa moyo kushindwa kazi. Chanzo kwa asilimia 45 kilikuwa shinikizo la damu; asilimia 28, ugonjwa wa nyama ya moyo yenyewe; asilimia 12, milango ya moyo iliyoharibiwa na homa ya baridi yabisi. Walioathirika kwa kuziba mishipa ya moyo walikuwa asilimia 9 tu. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 55, umri wa mtu ambaye bado analima na kulipia watoto shule. Basi anayejipa moyo kwamba hajapata shtuko hana dhamana yoyote.

Shinikizo la damu haliumi, na hapo ndipo penye hila yake. Moyo husukuma dhidi ya mishipa iliyokaza, mwaka baada ya mwaka. Nyama yake hunenepa, kisha hukakamaa au kulegea. Kipimo kikifika 140 kwa 90, tena kwa kurudiwa, mtu anahitaji mganga hata kama anajiona mzima. Chumvi huongeza mzigo, na wakazi wa ziwani wanaijua kayabo ilivyo. Kuloweka na kumwaga maji hupunguza chumvi hiyo, lakini haiishi yote.

Mtoto mwenye mafindofindo ya mara kwa mara apelekwe zahanati, maana homa ya baridi yabisi huanzia kooni. Mama anayekosa pumzi akilala, katika mwezi wa mwisho wa mimba au miezi mitano baada ya kujifungua, asiambiwe ni uchovu wa uzazi. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Siku ya kupima pamba wanachama wote huwapo ghalani. Katibu aweza kumwomba mganga wa zahanati aje siku hiyo na kipimo cha shinikizo la damu. Kila mwanachama aandikiwe tarakimu zake katika kijitabu chake mwenyewe, si katika daftari la chama, kwa kuwa ni siri yake. Watakaokutwa juu ya kiwango waelezwe siku ya kurudia kipimo, na wenye dawa tayari waulizwe kwa upole kama bado wanazimeza.